Jock Broughton: Mzee wa Karen aliyesomwa uso, akaokolewa na risasi

Saa tisa usiku, Januari 24, 1941, watu wawili wa lori la maziwa walikuta Buick imetoka barabarani karibu na njia panda ya Karen na Ngong, taa zinawaka. Ndani alikuwa Lord Erroll, jina kubwa kati ya walowezi, amekufa. Polisi walidhani ni ajali hadi tundu la risasi likaonekana nyuma ya sikio.

Stori ya Erroll wengi wanaijua, ilitolewa hata filamu 1987. Mimi nimevutiwa na mzee aliyeshtakiwa, Sir Jock Delves Broughton. Nilisoma saikolojia mihula mitatu kabla karo igome, na hii kesi haijawahi kunitoka kichwani.

Broughton alizaliwa 1883 kwa familia yenye mashamba makubwa Cheshire, Uingereza. Alirithi, akauza, akacheza farasi, pesa ikayeyuka. Novemba 1940 akamuoa Diana Caldwell huko Durban, yeye akiwa na miaka 57 na Diana 27. Mzee hakuwa mjinga: walikubaliana kwamba Diana akipenda kijana mwingine, angemwachilia na kumlipa pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Miezi miwili tu baadaye, wakiwa na nyumba Karen, Diana na Erroll walikuwa wapenzi na Muthaiga Club yote inajua.

Sasa angalia vile mzee alijibeba. Januari 21 aliripoti kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibiwa. Januari 23, pale klabu, akainua glasi na kuwatakia wapenzi hao heri na mrithi. Saa chache baadaye Erroll akafa. Mwili ukiwa mochari, Broughton akafika na leso ya Diana akitaka iwekwe kwa maiti. Kisha akaagiza petroli na kuwasha moto kwenye shimo la taka nyumbani. Polisi walipochokora wakatoa soksi iliyoungua nusu, ina damu.

Kwa mpelelezi Arthur Poppy, hiyo ilikuwa picha kamili: mume mwenye wivu anayejifanya hana. Mimi pia ningemshika, sitadanganya. Machi 10 akatiwa ndani, na wakati huo hatia ya kuua ilimaanisha kamba.

Lakini tabia ya mtu inasomeka kwa njia nyingi. Mzee aliyezoea kupoteza pesa kwa farasi bila kukunja uso anaweza kupoteza bibi vivyo hivyo. Mwaka 2006 watafiti Bond na DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi, wakapata kwamba tukimwangalia na kumsikiliza mtu tu, tunajua kama anadanganya mara 54 hivi kwa 100. Ni kama kurusha shilingi. Mlinzi wa duka fulani hapa tao aliwahi kunipekua begi mbele ya watu kwa sababu nilikuwa nakaa mtu wa kuhepa. Nilikuwa na njaa tu.

Kesi ilianza Mei 26 hapo katikati ya Nairobi. Wakili wa Broughton, Harry Morris, alitoka Johannesburg, na wala hakuhangaika sana na machozi au wivu. Akaenda kwa mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka na kuacha alama kwenye risasi. Risasi iliyomuua Erroll ilionyesha mifereji mitano inayozunguka kulia. Colt ina sita, kushoto. Kama upande wa mashtaka unasema mzee alitumia Colt yake, basi hiyo hadithi haikai.

Julai 1, 1941 akaachiliwa. Wanaume waliokuwa wakinywa naye hawakumtaka tena, na Diana pia akaachana naye. Alirudi Uingereza peke yake, na Desemba 1942 akajiua hotelini Liverpool.

Halafu kuna Juanita Carberry. Alikuwa msichana wa miaka 15 wakati huo, na miaka mingi baadaye, akiwa mzee, alisema Broughton alimwambia siku chache baada ya kifo kwamba ni yeye aliyefanya. Alinyamaza wakati wote wa kesi. Labda Poppy alikuwa sawa tangu mwanzo. Au labda msichana alisikia maneno ya mzee aliyechanganyikiwa. Bastola yenyewe haijawahi kupatikana.