Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Siku ya gulio hapa Kasulu twawaona akina mama wakija kutoka vijijini, vyungu vichwani. Wengi wetu twawapita bila ya kuwaamkia. Katika toleo hili nimeona vema niwasimulie habari za mwanamke aliyeanza maisha na mzigo kama huo, naye hata alipokufa jina lake lilikuwa limeenea Afrika ya Mashariki nzima.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, huko Tabora kwa jirani zetu, na mama yake asili ya Uzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897. Misafara iliyochukua watu ilitoka Ujiji, ikapita Tabora hadi Bagamoyo. Basi hadithi hii si ya watu wa pwani peke yao. Mtoto yule aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani kwa kazi yake mwenyewe.

Wazazi wake walikuwa maskini, wakiishi kwa kilimo na ufinyanzi. Binti alijifunza kufinyanga kwa mama yake, kisha akatembeza vyungu mpaka mjini, akiinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu waliisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe, wakaisifu. Shule hakupata kuingia.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa uimbaji na mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Taarabu ililetwa Unguja zama za Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti na wenziwe, miongoni mwao Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili, ikafahamiwa na mpishi, mchukuzi na mfinyanzi.

Na nyimbo zao hazikuwa za mapenzi tu. Mambo yaliyotokea mjini yaliingia katika nyimbo, na aliyedhulumiwa alipata mtu wa kumsemea. Mmoja mashuhuri ni ule wa Kijiti, wasimulia juu ya mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara. Mkosaji aliyeukimbia mkono wa serikali hakuweza kuukimbia wimbo, maana jina lake liliimbwa na kila mtu.

Mafanikio huzaa husuda. Wako waliomtungia wimbo wa kumkejeli kwamba ametoka shamba kuja mjini, na sura yake si nzuri. Siti hakutukana wala hakukimbia. Aliwajibu kwa wimbo vilevile, akawaonyesha kuwa ubora wa mtu haukai usoni bali katika akili na mwenendo wake. Tangu siku hiyo wimbo wa wenye kejeli ukawa sehemu ya sifa yake.

Mwaka 1928 alivuka bahari na wenziwe mpaka Bombay, Bara Hindi, wakatia nyimbo zao katika santuri. Santuri hizo zilinunuliwa mno, na watu wasio na gramafoni walikusanyika kwa wenye nazo ili wamsikie. Hivyo binti aliyetoka Fumba kwa miguu alisikika katika miji ambayo mwenyewe hakuikanyaga.

Alifariki mwaka 1950. Mwandishi wetu mkubwa Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo zake mpaka uzeeni. Tena chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988 kiliita Sauti ya Siti.

Sasa, wasomaji, nina neno langu la kuungama. Mama yangu ni mfinyanzi huko Kibondo, na karo yangu ya tangu kidato cha kwanza imetoka katika udongo. Siku moja nilipokuwa kidato cha pili alikuja kunitazama moja kwa moja kutoka gulioni, kata ingali kichwani, matope yamekauka miguuni. Wenzangu waliponiuliza ni nani, nikasema ni jirani wa nyumbani. Mama alisikia. Hakusema kitu, alinipa mahindi ya kuchoma aliyoniletea, akaenda zake.

Niliposoma habari za Siti nililikumbuka jambo hilo, nikaona haya kuliko zile za siku ile. Siti hakukificha chungu chake, na waliomcheka hawakumbukwi hata kwa majina. Likizo ijayo nitakwenda na mama gulioni mchana kweupe, na vyungu nitavichukua mimi. Nanyi, wenzangu, mkinikuta njiani, mwamkieni kwanza mama.