Emil Jellinek: Mtu Aliyeipa Motokaa Jina la Binti Yake



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu huchagua wafalme, majemadari na wavumbuzi. Mimi ni mpenzi wa motokaa za kale, na wanafunzi wangu wanalijua jambo hilo vizuri. Kwa hiyo nimemchagua muuza motokaa, mtu aliyeanza kwa kupenda tu, kisha mapenzi yake yakawa kazi.

Mtu huyo aliitwa Emil Jellinek. Huenda hujapata kulisikia jina lake, lakini jina la binti yake umelisoma mara nyingi. Simama kando ya barabara hapa Kiwira, utazame malori yanayotoka Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela. Baadhi yake yameandikwa Mercedes-Benz. Benz alikuwa mhandisi wa Kijerumani. Mercedes alikuwa mtoto wa kike, binti wa huyu Jellinek. Sisi watu wa Afrika Mashariki tumelifupisha jina hilo tukasema Benzi, na matajiri wenye kuzipanda tukawaita wabenzi. Hivyo jina la mzee limebaki midomoni mwetu, na la binti limebaki katika maandishi tu.

Jellinek alizaliwa tarehe 6 Aprili, 1853, katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Baba yake, Adolf Jellinek, alikuwa rabi wa Kiyahudi na mwanachuoni mwenye sifa kubwa. Jamaa yao walihamia Vienna Emil angali mdogo. Ndugu zake walisoma kwa bidii, lakini yeye hakupenda shule. Alipokuwa na umri wa miaka 17 baba yake alimtafutia kazi ya ukarani katika kampuni ya reli. Alidumu miaka miwili tu, kisha akafukuzwa, kwa sababu wakubwa waligundua kuwa usiku alikuwa akishindanisha magari-moshi. Sisemi haya ili mwanafunzi yeyote amwige! Nayasema kwa kuwa yanaonyesha kwamba hamu ya mwendo ilikuwa ndani yake kabla motokaa hazijakuwako duniani.

Baada ya hapo alivuka bahari akaja katika bara letu la Afrika. Alifanya kazi katika ofisi za ubalozi mdogo wa Austria-Hungaria huko Moroko, kisha akahamia Oran, katika nchi ya Aljeria, akafanya biashara ya tumbaku na kazi ya bima. Mke wake wa kwanza aliitwa Rachel. Mwaka 1884 alirudi upande wa Vienna, na mwaka 1889 akazaliwa binti yao, wakamwita Mercedes, jina la Kihispania. Rachel alifariki mwaka 1893, binti akiwa bado mdogo sana. Jellinek, ambaye sasa alikuwa amepata mali nyingi, alizoea kwenda kukaa Nice, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, mahali ambapo matajiri wa Ulaya walikwenda kukimbia baridi.

Wakati ule motokaa zilikuwa kitu kigeni. Jellinek alinunua za namna mbalimbali, akaziendesha, akazichoka. Kisha alisikia habari za kiwanda cha Gottlieb Daimler kilichokuwa Cannstatt, karibu na Stuttgart. Alisafiri mwenyewe mpaka kiwandani akanunua motokaa moja. Mwendo wake ulikuwa kilomita 24 tu kwa saa. Mtu mwingine angaliridhika. Yeye aliagiza nyingine zenye mwendo zaidi, na zilipofika alizipeleka Nice akaanza kuwauzia rafiki zake na matajiri wengine, hata watu wa ukoo wa Rothschild. Mwaka 1899 kiwanda kilimpelekea motokaa 10. Mwaka 1900 kilimpelekea 29. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa akinunua kwa kujifurahisha alivyogeuka wakala.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini wateja walimwamini. Nadhani sababu ni hii, kwamba hakuuza kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Aliendesha kila namna ya gari aliyoiuza, na katika mashindano alijiandikisha kwa jina la Bwana Mercedes. Gari likiharibika njiani, lilimharibikia yeye kabla halijamharibikia mteja. Kisha alikaa mezani akawaandikia watu wa kiwanda barua na simu za maneno makali, akiutaja ubovu mmoja baada ya mwingine. Mafundi walichukizwa na lugha yake, lakini waliyatengeneza yale aliyoyataja.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la msiba. Mwishoni mwa mwezi wa Machi, 1900, palikuwa na mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice kwenda La Turbie. Fundi mmoja wa kiwanda cha Daimler, Wilhelm Bauer, aliendesha motokaa yenye nguvu nyingi. Katika kona ya kwanza gari lilimshinda, likagonga mwamba, naye akapoteza maisha yake. Sisi wakazi wa milima ya Rungwe hatuna haja ya kuelezwa sana, maana tunajua kona na miteremko, na tunajua gari lenye mzigo juu linavyoyumba. Motokaa ile ilikuwa fupi, imeinuka juu, na uzito wake ulielemea mbele. Injini ilikuwa imeongezwa nguvu, lakini mwili wa gari ulikuwa bado ni wa gari la farasi.

Daimler mwenyewe alikuwa amefariki majuma machache kabla, mapema mwezi huo huo. Wakuu wa kiwanda waliingiwa na hofu, wakafikiri kuacha kabisa mashindano. Jellinek alishika njia nyingine. Alisema kuwa kosa halikuwa mwendo, kosa lilikuwa umbo. Alitaka gari lililo refu zaidi, pana zaidi, na lililokaa chini karibu na ardhi. Tena hakusema kwa mdomo tu. Mwezi wa Aprili alikubali kununua magari 36 kwa bei ya marki 550,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Masharti yake yalikuwa kwamba apewe uwakala katika Austria-Hungaria, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani, na kwamba injini mpya iitwe kwa jina la binti yake.

Kazi ya kulibuni gari hilo ilimwangukia Wilhelm Maybach, mhandisi mkuu wa kiwanda. Yafaa tumpe heshima yake, maana Jellinek hakushika spana. Maybach alitengeneza chesisi ya chuma iliyo chini, akaiweka injini ya nguvu za farasi 35, na kwa kuipoza akatengeneza rejeta yenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Gari la kwanza lilimfikia Jellinek mwezi wa Desemba, 1900. Machi iliyofuata, katika juma la mashindano ya Nice, dereva Wilhelm Werner aliyashinda magari mengine yote, na ule mlima wa La Turbie akaupanda salama. Kuanzia hapo viwanda vingine vya Ulaya vilianza kuiga umbo lile, na motokaa ikaacha kufanana na gari la farasi lililokosa farasi wake.

Mwaka 1902 jina la Mercedes liliandikishwa kisheria. Mwaka 1903 Jellinek alibadili hata jina lake mwenyewe, akaitwa Jellinek-Mercedes. Alifanya mzaha kwamba labda yeye ni baba wa kwanza kuchukua jina la binti yake.

Ningependa kumaliza hadithi hapa penye furaha, lakini haki ya msomaji ni kuambiwa yote. Ugomvi wake na kiwanda uliendelea, na baada ya miaka michache aliiacha biashara ya motokaa akarudia kazi za ubalozi. Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipozuka, mtu mwenye mali Ufaransa na cheo cha Austria-Hungaria hakuwa na mahali pa kukaa kwa amani. Alishukiwa kuwa mpelelezi, na Wafaransa walizitaifisha mali zake. Alikimbilia Geneva, Uswisi, akafa huko tarehe 21 Januari, 1918. Binti yake Mercedes naye aliishi maisha ya taabu baada ya vita, akafa Vienna mwaka 1929, hajafika miaka 40. Miaka mitatu kabla ya kifo chake, mwaka 1926, kampuni ya Daimler na ile ya Benz ziliungana, ndipo majina hayo mawili yakaandikwa pamoja.

Leo motokaa chache zilizobaki za miaka ile ya mwanzo zinatunzwa katika majumba ya makumbusho, na ikitokea mojawapo kuuzwa, wapenzi wa magari ya kale hugombea kuinunua kwa mali nyingi.

Wanafunzi, wengi wenu mnapenda kitu fulani: mpira, redio, ng'ombe wa maziwa, au motokaa kama mimi. Kupenda ni rahisi. Jellinek alipenda, kisha akajifunza kasoro za kile alichokipenda, akazisema wazi bila kuzifunika kwa mteja, tena akaweka fedha zake mwenyewe juu ya maneno yake. Ukali wa ulimi wake msiuchukue.

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto ameinama siku nzima juu ya pikipiki mbovu ya jirani, msianze kwa kumkemea. Mwulizeni kwanza amegundua nini. Akiweza kueleza ubovu ulipo na namna ya kuutengeneza, basi huyo ameanza kazi. Asipoweza, mrudisheni kwetu shuleni tumfundishe fizikia.