Eduardo Mondlane: Msafiri wa Shahada Moja katika Nchi Tatu

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya wahenga wa mwambao yaufumbata vyema uhai wa Dkt. Eduardo Chivambo Mondlane, mwanazuoni wa Msumbiji aliyeisaka shahada yake ya kwanza katika nchi tatu kabla ya kuipata. Wengi wetu tunamfahamu kama rais wa kwanza wa FRELIMO. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba, kabla ya kuwa kiongozi, alikuwa mwanafunzi mhamaji aliyebeba masomo nusunusu begani, akibisha hodi kutoka chuo kimoja hadi kingine.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika eneo la Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Babake alikuwa chifu wa Watsonga, naye alifariki mwanawe akiwa angali mdogo. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wenzake wa kijijini, kisha akaingia katika shule za misheni ya Kiswisi. Chini ya utawala wa Wareno, Mwafrika aliachiwa elimu ya msingi tu, na mlango wa sekondari ulikuwa karibu umefungwa kabisa. Ndipo kijana huyu alipovuka mpaka kwenda Transvaal, Afrika Kusini, kutafuta kile alichonyimwa kwao.

Huko alihitimu masomo ya sekondari, akasomea kazi za ustawi wa jamii katika shule ya Jan Hofmeyr jijini Johannesburg, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hata hivyo, mwaka 1948 chama cha Wazungu kilichohubiri ubaguzi wa rangi kilitwaa madaraka, na mwaka uliofuata Mondlane alilazimika kuondoka nchini humo. Alirejea kwao bila shahada. Akiwa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo, alishiriki kuunda jumuiya ya wanafunzi wa sekondari Waafrika iliyojulikana kama NESAM. Serikali ya kikoloni ilimtia mbaroni na kumhoji.

Mwaka 1950 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Lisbon, Ureno. Katika jiji hilo alikutana na vijana wengine ambao baadaye wangeitikisa dola ya Wareno, wakiwemo Amílcar Cabral na Agostinho Neto. Lakini polisi wa siri walimwandama mno hata akaamua kuhama tena. Kwa msaada wa ufadhili wa masomo, aliondoka mwaka 1951 kuelekea Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 31, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuvisahau vitabu.

Chuo kilichompokea hakikuwa kikubwa. Oberlin ni chuo kidogo katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, kilichoasisiwa mwaka 1833. Tangu mwaka 1835 kilikuwa kimeamua kuwapokea wanafunzi weusi, wakati ambapo utumwa ulikuwa bado halali kusini mwa nchi hiyo. Kwa hiyo mgeni kutoka Gaza hakuingia katika nyumba isiyowahi kuona mtu wa rangi yake.

Hapa yafaa tutue kidogo, kwani ndipo penye kiini cha makala haya. Shahada ya kwanza ya Marekani huchukua kwa kawaida miaka minne. Kila somo lina krediti zake, na mwanafunzi hukusanya krediti hizo hadi zitimie. Sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo hutengewa elimu ya jumla: lugha, sayansi, historia, sanaa na maarifa ya jamii. Baada ya hapo ndipo mwanafunzi huzama katika fani aliyoichagua. Katika mifumo ya Ulaya, ambayo makoloni yaliirithi, mwanafunzi huingia katika kitivo chake tangu siku ya kwanza. Anayetoka mfumo mmoja kwenda mwingine hukabiliwa na swali zito: je, aliyoyasoma yatahesabiwa, au aanze alifu kwa ujiti?

Oberlin ilimweka Mondlane katika mwaka wa tatu. Maana yake ni kwamba masomo aliyoyapata Johannesburg na Lisbon hayakutupwa jalalani kwa kuwa tu yalikatizwa na siasa. Mwaka 1953 alihitimu shahada yake katika anthropolojia na sosholojia. Lau angelazimishwa kuanza upya, angehitimu akikaribia miaka 35, na huenda ufadhili ungeisha kabla ya safari kutimia.

Kutoka hapo njia ilinyooka. Alisomea uzamili na uzamifu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, akatunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1960. Mwaka 1956 alikuwa amemwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani. Kuanzia mwaka 1957 alifanya kazi katika Umoja wa Mataifa, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Maisha ya starehe ya uhadhiri yalikuwa mkononi mwake.

Aliyaacha. Tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya Wasumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana jijini Dar es Salaam kuunda FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa kuwa rais. Mwaka uliofuata alihamia Dar es Salaam pamoja na familia yake. Huko kulianzishwa Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi, chini ya uongozi wa Janet. Aliyewahi kufungiwa mlango sasa alikuwa akiwafungulia wengine.

Hata hivyo, elimu hiyo ilizaa mitihani yake. Baadhi ya vijana waliopelekwa ng'ambo walisita kurejea vitani, na mnamo Machi 1968 ghasia ziliifanya Taasisi ifungwe. Swali lilikuwa gumu: je, msomi analiwia taifa lake deni gani? Mondlane alishikilia kwamba elimu ni dhamana ya umma. Yeye mwenyewe alikuwa amelipa.

Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, Dar es Salaam, alifungua kifurushi cha kitabu kilichokuwa na bomu. Aliuawa papo hapo. Uhuru wa Msumbiji ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, na mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina lake.

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wahadhiri wetu, tunapoona maombi ya mwanafunzi aliyehamia kwetu kutoka nchi jirani yenye vita, yakiwa na nakala ya matokeo isiyofanana na zetu, tumkumbuke Mondlane. Karatasi ile si vumbi la ofisi. Yaweza kuwa nusu ya safari ya mtu ambaye taifa zima linamsubiri afike.