Rubani Aliyenyimwa Jina la Urubani

Wapo wanaodhani kwamba watumwa wa Marekani walikaa kitako wakingoja uhuru uteremshwe na Rais Lincoln. Maisha ya Robert Smalls yanaikanusha dhana hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1839 mjini Beaufort, jimbo la South Carolina, mama yake akiwa mtumwa wa nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi ya ujira. Karibu ujira wote ulimwendea bwana wake. Yeye aliachiwa dola moja kwa juma. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akavutwa na bahari. Bandarini alijifunza kushona matanga na hatimaye kuongoza meli, akaijua mikondo na mafungu ya mchanga. Hata hivyo, mtu mweusi hakuitwa rubani. Kazi aliifanya yeye. Cheo walijiwekea wazungu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, alishikishwa usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyochukua silaha za majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, nahodha na maafisa wake walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Smalls na mabaharia wenziwe, watumwa kama yeye, waliwasha matanuri, wakawapitia wake na watoto waliokuwa wakisubiri mafichoni, kisha wakashika njia ya bahari. Alivaa kofia ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, na penye ngome akapiga king'ora kwa ishara iliyotakiwa. Hata Fort Sumter, pamoja na mizinga yake yote, iliwapisha. Walikuwa wameafikiana kuizamisha meli wakiwa ndani iwapo wangegunduliwa. Kulipopambazuka walipandisha shuka nyeupe mbele ya manowari ya Kaskazini. Roho 16 zilikuwa huru.

Baadaye alikabidhiwa Planter ile ile akiwa nahodha, akainunua nyumba ya bwana wake wa zamani, na mwaka wa 1875 akaingia katika Bunge la Marekani. Mwaka wa 1877 alitiwa hatiani kwa rushwa, katika kesi iliyonuka siasa. Akasamehewa mwaka wa 1879. Mwaka wa 1895, wajumbe wa South Carolina walipounda katiba ya kuwapokonya weusi kura, aliipinga na kukataa kuitia sahihi. Katiba ilipita. Smalls alifariki Februari 1915, katika nyumba ile ile aliyotumikia mama yake.