Michael Faraday na Umeme wa Gari

Bila shaka umepata kuliona gari la zahanati likipita usiku katika barabara ya vumbi, taa zake zikimulika mbele na jokofu dogo la chanjo likinguruma nyuma. Umeme wa vyombo hivyo watoka wapi? Usijibu upesi kwamba watoka katika betri. Betri ni ghala tu, na ghala lisiloongezwa nafaka humalizika. Kinacholijaza ghala hilo ni alteneta, chombo kilichofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa kwa mkanda. Kanuni inayokiendesha chombo hicho iligunduliwa na mtoto wa mhunzi ambaye shuleni hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na hesabu chache.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, Newington, karibu na London, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa na afya dhaifu, na siku nyingi hakuweza kufanya kazi. Mwaka 1801, vyakula vilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alianza kutumwa na mwenye duka la vitabu kupeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, akaifanya kazi hiyo kwa miaka 7.

Vitabu alivyovijalidi mchana alivisoma usiku. Katika ensaiklopidia moja alikuta maelezo juu ya umeme. Akanunua vifaa vya bei ndogo kwa senti zake chache, akayarudia majaribio yaliyoelezwa humo ili ahakikishe mwenyewe. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy, katika Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora na picha za vifaa, kisha akayajalidi maandishi hayo yakawa kitabu, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Mwanzoni nafasi haikuwako. Lakini mwezi Machi, 1813, msaidizi mmoja wa maabara aliachishwa kazi, na Faraday akachukua mahali pake.

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark alionyesha kwamba waya wenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira. Basi umeme huzaa sumaku. Je, sumaku nayo yaweza kuzaa umeme? Swali hili lilimsumbua Faraday kwa miaka mingi, na majaribio yake ya kwanza hayakuonyesha lolote.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete ya chuma, akaizungushia koili mbili za waya wa shaba zisizogusana. Koili moja aliiunganisha na betri. Nyingine na waya uliopita juu ya sindano ya sumaku. Alipounganisha betri, sindano ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoitenga betri, ikatikisika tena. Fikiri vizuri hapo: betri ilipokuwa imeunganishwa wakati wote, sindano haikusogea hata kidogo. Umeme ulizaliwa pale tu nguvu ya sumaku ilipokuwa ikibadilika. Mwezi Oktoba aliingiza kipande cha sumaku ndani ya koili na kukitoa, na kila kilipokwenda, mkondo ulipita. Siku chache baadaye alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokatika. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza.

Sasa rudi kwenye gari letu. Ndani ya alteneta, koili inayopitishiwa mkondo mdogo huwa sumaku, nayo huzunguka katikati ya koili nyingine zisizosogea. Humo huzaliwa mkondo unaogeuka-geuka upande huu na huu, na diodi huunyoosha uende upande mmoja, kwa kuwa betri haikubali mwingine. Kidhibiti hupunguza au kuongeza nguvu ya sumaku ili volti zibaki karibu na 14.

Tuseme alteneta ya gari hilo ina uwezo wa ampia 45, na mahitaji ya gari lenyewe ni ampia 25. Zahanati ikaongeza taa mbili za wati 60 kila moja, jokofu la wati 60 na redio ya mawasiliano ya wati 120. Jumla ni wati 300. Gawanya kwa volti 12, upate ampia 25. Gari sasa lataka ampia 50, na alteneta yatoa 45. Ampia 5 zilizopungua huchukuliwa katika betri. Injini ikinguruma polepole gari likiwa limesimama, alteneta hutoa kidogo zaidi, na upungufu huongezeka. Dereva atakuja kukuta gari haliwaki, jokofu limezimika, na chanjo zimeharibika.

Kwa hiyo fundi hufunga alteneta kubwa zaidi, labda ya ampia 70. Waya wake ni mnene zaidi, hustahimili mkondo mkubwa bila kuungua. Waya uendao kwenye betri nao hubadilishwa uwe mnene, pamoja na fyuzi yake, na mkanda hukazwa usiteleze. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, wanafunzi wengi waliogopa kwamba alteneta kubwa italazimisha umeme mwingi na kuunguza taa. Sivyo. Volti ni zile zile, na kila chombo huchukua mkondo kinaouhitaji tu.

Faraday hakupata kuliona gari la namna hiyo. Alikataa kuwa rais wa Royal Society, akakataa pia cheo cha heshima alichotaka kupewa na serikali, akaendelea kufanya majaribio na kuwafundisha watoto wakati wa Krismasi. Uzeeni kumbukumbu zake zilififia. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, akiwa ameketi kitini nyumbani kwake Hampton Court, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London.