Habari za Jules Janssen, Aliyelifuata Jua

Mwaka 1824, mwezi wa Februari, katika mji wa Paris, ulio mji mkuu wa Ufaransa, alizaliwa mtoto akaitwa Jules Janssen. Baba yake alikuwa mpiga muziki. Mtoto huyu alipokuwa angali mdogo alipata ajali kwa uzembe wa yaya wake, mguu wake ukaharibika, akawa kiwete maisha yake yote. Kwa sababu hiyo hakupelekwa shule pamoja na watoto wenziwe, bali alikaa nyumbani akijifunza kadiri alivyoweza. Tena mali ya wazazi wake ilipungua, hata ikambidi kijana aingie kazi katika benki. Kazi ya benki ilimpa chakula, na saa zilizobaki alizitumia kwa vitabu. Alikuwa na umri wa miaka 25 alipofaulu mtihani ambao vijana wengi wa kwao huumaliza kabla ya kufika miaka 20, na shahada ya udaktari wa elimu aliipata mwaka 1860, akiwa mtu mzima wa miaka 36. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha safiri mpaka Peru, katika Amerika ya Kusini, kwa kazi ya elimu, akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu hata karibu kufa, akarudi kwao.

Siku zile wataalamu wawili wa Ujerumani, Kirchhoff na Bunsen, walikuwa wamevumbua jambo la ajabu. Nuru ya jua ikipitishwa katika kipande cha kioo chenye pande tatu, hutawanyika ikawa rangi nyingi kama za upinde wa mvua. Wataalamu hao walionyesha kwamba kila kitu kikiunguzwa hata kiwe mvuke hutoa mistari yake ya rangi, wala mistari ya kitu kimoja haifanani na ya kingine. Chumvi ina yake, na chuma kina yake. Basi mtu akiwa na chombo cha kuichambua nuru, aweza kujua jua limefanyizwa kwa vitu gani, naye amekaa hapa hapa duniani. Janssen aliposikia habari hizi alikitwaa chombo hicho, wala hakukiweka chini tena mpaka uzee wake.

Yafaa kueleza hapa jinsi jua linavyopatwa. Mwezi katika safari yake hupita mara nyingine katikati ya jua na dunia, ukalifunika jua, na kivuli chake kikaianguka dunia. Lakini kivuli hicho ni chembamba, nacho hupita upesi kama kivuli cha ndege apitaye juu ya shamba. Walio ndani ya njia yake huona jua limefunikwa lote na mchana umekuwa giza. Walio kando huona limemegwa kidogo tu. Kwa hiyo mtaalamu atakaye kuliona jua limefunikwa lote hana budi kwenda huko kivuli kipitapo, ijapokuwa ni ng'ambo ya bahari, na akifika atapata dakika chache tu. Wingu moja likipita wakati huo, safari yote imekuwa bure.

Mwaka 1868 kivuli kilikuwa kipite katika Bara Hindi. Janssen alitumwa huko, akaweka vyombo vyake katika mji wa Guntur, na siku ya 18 Agosti jua likapatwa, likafunikwa lote kwa muda wa dakika tano na zaidi. Pembeni mwa duara ile nyeusi zilionekana ndimi nyekundu za moto. Watu walikuwa wameziona tangu zamani, lakini hakuna aliyejua ni kitu gani. Wengine walidhani ni za mwezi, wengine walisema macho yanadanganyika. Janssen alielekeza chombo chake juu yake, akaona mistari yenye kung'aa sana, akatambua kwamba ni gesi iwakayo, hasa ile iitwayo haidrojeni. Kwa kuwa mistari ile ilikuwa na nguvu mno, wazo lilimjia pale pale: kwa nini isionekane hata jua likiwa wazi? Siku ile mawingu yalimzuia kujaribu, lakini kesho yake asubuhi aliziona ndimi zile, na mwezi haupo mbele ya jua. Wengine walikwisha funga mizigo yao, naye alibaki akiendelea na kazi ile kwa siku nyingi. (Mwanafunzi asijaribu kulikazia jua macho bila miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hata likiwa limebaki ukucha tu, hupofusha, wala maumivu hayaji mapema ya kumwonya mtu.)

Barua yake kutoka Bara Hindi ilikwenda polepole kwa meli. Hali Uingereza, mtaalamu jina lake Norman Lockyer alikuwa amegundua njia ile ile mwezi wa Oktoba, bila kuwa na habari za Janssen. Barua zao zilisomwa mbele ya Chuo cha Wataalamu cha Paris siku moja, tarehe 26 Oktoba 1868. Watu wawili katika hali hiyo mara nyingi hugombana mpaka kaburini. Hawa walipatana wakawa marafiki, na mwaka 1872 serikali ya Ufaransa ilifanyiza nishani yenye nyuso zao wote wawili. Watu wengine huandika kwamba Janssen ndiye aliyegundua gesi iitwayo heliamu, lakini heshima hiyo ni ya Lockyer zaidi, kwa maana ndiye aliyesema kwamba mstari mmoja wa manjano katika nuru ya jua ni wa kitu kisichojulikana duniani. Hata mwaka 1895 ndipo gesi hiyo ilipopatikana humu duniani.

Jua lilikuwa lipatwe tena tarehe 22 Desemba 1870, na Janssen alitaka kwenda Algeria kuliona. Lakini mwaka ule Ufaransa ilikuwa katika vita na Ujerumani, na tangu Septemba mji wa Paris ulikuwa umezungukwa na majeshi ya adui pande zote. Hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Chakula kilikwisha, watu wakala farasi, kisha paka na panya. Wataalamu wa Uingereza walimwombea Janssen ruhusa kwa Wajerumani apite katikati ya majeshi yao. Naye hakukubali kutoka kwa hisani ya adui wa nchi yake. Ilibaki njia moja tu, ya angani.

Siku zile ndege hazijafanyizwa. Watu wa Paris walikuwa wakipeleka barua nje kwa baluni, yaani mfuko mkubwa mno wa kitambaa, uliojazwa gesi nyepesi, na chini yake kapu la kuchukua watu. Baluni haina usukani. Huenda upepo upelekapo. Ikishuka mahali penye adui, waliomo hutekwa. Ikipelekwa baharini, hawaonekani tena. Siku chache tu kabla ya hapo, baharia mmoja alikuwa ametoka Paris peke yake, upepo ukampeleka baharini akapotea. Janssen alizijua habari hizi zote. Alikuwa na umri wa miaka 46, kiwete, naye ana mke. Alifunga vyombo vyake katika masanduku, na alfajiri ya tarehe 2 Desemba, kungali giza, akaingia katika kapu la baluni iliyoitwa Volta pamoja na baharia mmoja, kamba zikafunguliwa. Walipanda juu sana, wakapita juu ya majeshi ya Wajerumani, upepo ukawachukua upande wa magharibi kwa mwendo mkubwa. Baada ya saa tano hivi bahari ilikuwa karibu. Hapo wakaiteremsha baluni, wakafika chini salama karibu na mlango wa mto Loire, na vyombo vyote vizima. Janssen hakukawia. Alishika njia, akavuka bahari mpaka mji wa Oran katika Algeria, akasimamisha vyombo vyake mapema, akangoja.

Siku ya 22 Desemba mbingu yote ya Oran ilifunikwa na mawingu. Giza lilikuja likaondoka, naye hakuona kitu.

Mwaka uliofuata alikwenda tena Bara Hindi, akapanda milima ya Nilgiri, na tarehe 12 Desemba 1871 mbingu ilikuwa safi. Safari hii aliichunguza ile taji ya nuru nyeupe ilizungukayo jua lipatwapo, akaonyesha kwamba si ya mwezi wala ya hewa ya dunia, bali ni ya jua lenyewe.

Lakini jicho la mtu husahau, tena huona upesi na vibaya mtu akiwa na haraka. Kwa hiyo Janssen alizidi kutegemea picha. Mwaka 1874 sayari ya Zuhura ilikuwa ipite mbele ya jua, akaenda Nagasaki katika Japani na chombo alichokibuni mwenyewe kwa mfano wa bastola. Ndani yake sahani ya kupigia picha ilizunguka kwa mashine kama ya saa, ikapiga picha 48 kwa muda wa sekunde 72. Wengine walilifuata wazo hilo la kupiga picha moja baada ya moja upesi upesi, nalo ni miongoni mwa mambo yaliyoleta sinema. Mwaka 1883 alisafiri mpaka kisiwa kidogo cha Caroline katika Bahari ya Pasifiki, akaipiga picha taji ya jua. Kwao, mahali paitwapo Meudon karibu na Paris, serikali ilimpa jumba la kifalme lililoungua katika vita ile, naye akaligeuza nyumba ya kutazamia jua. Huko yeye na wasaidizi wake walipiga picha za jua maelfu.

Mwisho alitaka kujua kama mistari fulani katika nuru ya jua ni ya jua au ni ya hewa yetu. Dawa yake ilikuwa kupanda juu, mahali palipo na hewa kidogo. Mlima Mont Blanc ni mrefu kupita mita 4,800, na kilele chake ni barafu tupu. Janssen hakuweza kupanda kwa mguu wake, basi akachukuliwa na wapagazi na kuvutwa juu ya theluji. Mwaka 1893 nyumba ya mbao ilisimamishwa kileleni kwa amri yake, naye akafika humo akiwa na miaka 69.

Tarehe 30 Agosti 1905 alikuwa Hispania, mzee wa miaka 81, akilitazama jua likipatwa. Alikufa huko Meudon tarehe 23 Desemba 1907. Nyumba yake ya kileleni ilizidi kuzama katika barafu, hata mwaka 1909 ikaondolewa.