Sophie Kanza aliwafungulia wasichana wa Kongo mlango wa chuo kikuu, lakini ngazi zimebaki

Tarehe 1 mwezi wa nne 2024, Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa waziri mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mwezi huohuo ilitimia miaka 25 tangu kufariki kwa mwanamke aliyemtangulia kuingia serikalini: mama Sophie Kanza, anayejulikana pia kwa jina la Lihau-Kanza.

Wengi hukumbuka kwamba alikuwa waziri wa kwanza mwanamke. Wachache hueleza alivyofika pale, na jinsi mwaka wake wa mwisho ulivyomrudisha kwenye swali lilelile la utoto wake: nani ana haki ya kuingia shuleni, na nani anaachwa nje?

Sophie Kanza alizaliwa mwaka 1940 Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa mmoja wa viongozi wa chama cha Abako. Alifungwa pamoja na Joseph Kasa-Vubu baada ya machafuko ya mwezi wa kwanza 1959, na mwaka uliofuata akawa meya wa mji huo. Kaka yake Thomas alipata diploma ya chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956, wakati Wakongo wenye diploma kama hiyo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Ilikuwa nyumba ya watu wa vitabu na siasa.

Lakini hata katika nyumba kama hiyo, msichana hakuwa na njia sawa na kaka zake. Chini ya utawala wa Wabelgiji, watoto wengi Wakongo waliishia shule ya msingi. Wavulana wachache waliendelea, hasa kupitia seminari. Wasichana walifundishwa kushona, kupika, kulea watoto na kutunza nyumba, ili wawe wake wazuri wa makarani na walimu. Shule za sekondari kwa ajili yao zilichelewa sana.

Rangi nayo ilikuwa na mlango wake. Hapa kwetu, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, Wayesuiti walifungua mwaka 1938 koleji ambayo leo tunaiita Alfajiri. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Mtoto Mkongo aliyeishi karibu nayo hakukosa akili ya kusoma pale. Kilichomzuia ni kanuni iliyowekwa mlangoni.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 mwezi wa sita 1960, nchi nzima ilikuwa na Wakongo wasiofika ishirini waliomaliza chuo kikuu, na kati yao hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano mwaka huo, wanaume peke yao ndio walipiga kura.

Mwaka 1961, Sophie Kanza alimaliza sekondari katika Lycée du Sacré-Coeur ya Léopoldville, akaingia chuo kikuu cha Lovanium. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1964 alipata diploma ya sosiolojia, mwanamke wa kwanza wa Kongo kufikia hapo. Maana yake ni kwamba Lovanium ilichukua miaka kumi kumtoa mwanamke Mkongo wa kwanza mwenye diploma.

Mwaka huo wa 1964 haukuwa wa sherehe. Waasi wa Simba walikuwa wameteka sehemu kubwa ya mashariki. Mwezi wa nane walishambulia Bukavu, na wazee wa mji huu bado wanalikumbuka jina la Kanali Léonard Mulamba, aliyeulinda mji. Vita hiyo ilipita hata katikati ya familia ya Kanza: Thomas alikuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali ya waasi huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Sophie naye, mwishoni mwa mwaka, aliolewa na Marcel Lihau, mwanasheria aliyeshiriki kuandika katiba ya Luluabourg. Walizaa mabinti sita.

Tarehe 31 mwezi wa kumi 1966, siku chache baada ya Mobutu kumwondoa Mulamba kwenye uwaziri mkuu, serikali mpya ilitangazwa. Ndani yake alikuwemo Sophie Lihau-Kanza, waziri wa maswala ya kijamii, akiwa na umri wa miaka 26. Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia serikali ya Kongo kabla yake. Alibaki waziri hadi mwaka 1970. Baadaye, Mobutu alipokataza majina ya Kizungu mwaka 1972, alijulikana kwa jina la Zala Lusibu N'Kanza.

Hapa ndipo hadithi yake inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mtu wa kwanza akiingia, wakubwa hupenda kusema kwamba mlango sasa uko wazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1987, zaidi ya miaka ishirini baada ya mwanamke huyu kukaa kwenye meza ya mawaziri, Kanuni ya Familia ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Mama Sophie hakuishi kuona siku hiyo.

Mwaka 1998 alipata ajali ya gari iliyopoozesha miguu yake. Tangu hapo alitembea kwa kiti cha magurudumu. Angeweza kujifungia nyumbani, akiheshimiwa kwa yale aliyokuwa amekwisha kufanya. Badala yake alianza kuwatetea hadharani watu wanaoishi na ulemavu. Muda haukuwa mrefu: alifariki Kinshasa mwezi wa nne 1999, akiwa na miaka 59. Wakati huo vita iliyoanza mwezi wa nane 1998 ilikuwa imegawanya nchi, Bukavu na Kinshasa zikiwa chini ya mamlaka tofauti. Pengine ndiyo sababu maisha yake hayajulikani sana upande wetu.

Tangu wakati huo, sheria zimesogea. Katiba ya 2006 inazungumzia usawa kati ya wanawake na wanaume. Kongo imejiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikapata sheria yake yenyewe ya kuwalinda, pamoja na haki yao ya masomo.

Lakini Bukavu ni mji wa milima, na karatasi ya sheria haipandi mlima. Kutoka Kadutu kwenda Ibanda, mtoto mwenye mikongojo anapita njia za udongo zenye mteremko mkali, na mvua ikinyesha ni utelezi. Akifika shule, darasa lake liko ghorofani. Kituo kama Heri Kwetu kimesaidia watoto wengi wa aina hiyo, lakini kituo kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya shule zote za mji.

Saa ya michezo inaonyesha mambo zaidi. Wavulana wanachukua mpira na uwanja. Wasichana wanakaa pembeni kutazama. Mwenye mikongojo anaombwa kulinda nguo na mabegi ya wenzake. Hakuna anayemtukana, na mwalimu anaona kwamba amempa kazi. Lakini mwaka mzima unaweza kupita bila mtoto huyo kugusa mpira, na anajifunza, bila kitabu, kwamba mahali pake ni pembeni.

Kurekebisha hayo hakungoji pesa kutoka Kinshasa. Prefe anayepanga madarasa kabla ya masomo kuanza anaweza kuweka darasa la mtoto huyo chini, na la mwenzake aliye mzima juu. Mwalimu wa michezo anaweza kuwapa wasichana uwanja siku moja kati ya mbili, na kumtafutia mwenye ulemavu mchezo anaoweza kuucheza kwa mikono. Mzazi mwenye pesa ya mtoto mmoja tu anaweza kujiuliza mara mbili kabla ya kuamua kwamba binti ndiye atabaki nyumbani.

Sophie Kanza alikuwa na akili ileile mwaka 1961, alipomaliza sekondari akiwa wa kwanza, na mwaka 1998, alipohitaji mtu wa kumbeba kwenye ngazi. Mara zote mbili, waliopanga mlango ndio waliotakiwa kubadilika.